Kuandika Riwaya ya Mauaji Ndani ya Serikali: Anza na Taarifa kwa Umma, Kisha Fuata Jalada

Miswada ya riwaya za kisiasa ninayoletewa nisome huanza karibu yote na maiti. Waziri amelala kifudifudi, damu imetapakaa kwenye zulia, simu inaita. Hadi ukurasa wa 50 mpelelezi ameshapigana na watu wanne na kufukuzwa na gari jeusi, lakini msomaji hajaona hata ofisi moja ikifanya kazi. Hapo ndipo mswada unaponiishia mkononi. Mauaji ya serikalini hufichwa kwa barua, kwa mhuri, kwa uhamisho, na kwa yale maneno mawili tunayoyasikia mahakamani kila wiki: upelelezi haujakamilika. Mwandishi asiyejua jalada linavyotoka meza moja kwenda nyingine hawezi kuandika hofu ya mtu anayelitafuta jalada hilo usiku.

Mwongozo huu nimeuweka Tanzania, kwa kuwa ndiyo mifumo ninayoijua. Kwa mifano ya kweli nitavuka mpaka hadi Kenya, ambako uchunguzi wa namna hii umewahi kufanyika hadharani, shahidi mmoja baada ya mwingine, taifa zima likisikiliza.

Hatua ya kwanza: andika taarifa kabla hujamuua mtu

Chukua karatasi tupu. Juu andika TAARIFA KWA UMMA. Chini yake andika aya mbili ambazo serikali ya hadithini itazitoa siku ya kwanza. Hii ndiyo mbegu ya riwaya yako, na usiendelee mbele mpaka imekaa sawa.

Tazama yaliyowahi kutokea. Machi 1975 mbunge wa Kenya J.M. Kariuki alitoweka Nairobi. Mwili wake uliokotwa na mfugaji kwenye vilima vya Ngong, ukalala chumba cha maiti bila jina, huku wananchi wakiambiwa mheshimiwa yuko Zambia. Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipopatikana umeungua kwenye kilima cha Got Alila, maelezo ya awali yalikuwa kwamba amejiua. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Dar es Salaam baada ya kukamatwa na polisi, na taarifa ya kwanza ikasema ni majambazi waliorushiana risasi na askari.

Yuko Zambia. Amejiua. Ni majambazi. Kila mojawapo ilitolewa na mtu mwenye cheo, na kila mojawapo ilikuwa na kitu kidogo ambacho yeyote mwenye subira angeweza kwenda kukihakiki. Taarifa yako iwe hivyo. Mimi nitatumia mfano huu hadi mwisho:

*"Mkaguzi wa ndani wa wizara amekutwa amejinyonga katika nyumba ya wageni jijini Dodoma asubuhi ya tarehe 29 Juni. Marehemu alirejea chumbani saa 3 usiku na hakutoka tena. Inaelezwa alikuwa na msongo wa mawazo kutokana na madeni."*

Ona neno *amejinyonga*. Riwaya yako yote ni safari ya kutoka *amejinyonga* hadi *amenyongwa*. Kiswahili kimekupa zawadi hapo: ondoa kile kiungo kidogo *ji*, weka *w* karibu na mwisho, na mtu aliyejiua anakuwa mtu aliyeuawa. Mhusika wako atapoteza kazi, ndoa na pengine maisha kwa ajili ya herufi hizo.

Kisha chagua jambo moja litakaloivunja taarifa. Hapa ni ile "saa 3 usiku na hakutoka tena". Liweke wazi tangu ukurasa wa kwanza, msomaji alipite bila kulijali.

Hatua ya pili: sababu ya kuua ikae kwenye karatasi

Wivu, mapenzi na kulipiza kisasi ni sababu nzuri za kuua mtaani. Ndani ya wizara, mtu huuawa kwa sababu ya alichokiandika au alichokataa kukisaini.

Ndiyo maana nimechagua mwisho wa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30. Fedha ambayo haijatumika inarudi Hazina, kwa hiyo wiki mbili za mwisho watu hawalali: hati za malipo zinarundikana, wazabuni wamejaa kwenye korido, wahasibu wanakula chipsi mezani. Wakati huohuo Bunge la Bajeti linamalizia Dodoma na wakubwa wote wako mjini. Katika msongamano huo malipo makubwa ya vifaa ambavyo havijawahi kufika ghalani yanaweza kupita. Mkaguzi wa ndani ndiye anayeuliza: hati ya kupokea mali iko wapi? Anaandika hoja ya ukaguzi. Hoja inakwenda kwa Katibu Mkuu, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani ndiye atakayesimama mbele ya kamati ya Bunge kujieleza siku Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akiileta. Jiulize: kama hoja hiyo ingepotea usiku wa tarehe 28, nani angelala usingizi?

Sasa jifunze jalada, na hapa naomba utulie kidogo.

Jalada la serikali lina pande mbili. Upande mmoja ni barua, kila moja na namba yake ya folio. Upande wa pili ni madokezo, ambako kila afisa anaandika maoni yake kwa mkono, anasaini, anaweka tarehe na kulielekeza kwa anayefuata. Likitoka masijala, yaani ofisi inayotunza majalada, linaandikwa nani amelichukua na lini. Lipo pia dokezo sabili, karatasi isiyokaa ndani ya jalada lolote, anayoiandika afisa kwenda kwa bosi wake. Dokezo sabili ni rafiki mkubwa wa mwandishi, kwani lina sahihi na tarehe lakini halina mahali pa kudumu pa kukaa. Linaweza kufika likawekwa kwenye droo, na lisionekane hadi miaka mitano baadaye mtu anapohama ofisi.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na mwizi aliyevunja dirisha kuiba jalada. Nilimpa mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa masijala ausome, naye akanisikitikia. Akanieleza kwamba jalada linalotakiwa kupotea haliibiwi, linaazimwa. Kila ukiuliza unaambiwa liko kwa bosi, na bosi yuko safarini. Siku likirudi, folio ya 41 inafuatwa na folio ya 43, na hakuna mtu aliyevunja chochote. Nilifuta sura nzima, na hadi leo namshukuru mzee yule.

Siku hizi barua nyingi za serikali zinatembea kwenye mfumo wa e-Ofisi, na malipo yanapitia MUSE, mfumo wa ulipaji wa serikali. Usidhani hilo linaua hadithi. Karatasi ilikuwa inakumbuka tarehe, mfumo unakumbuka dakika. Akaunti ya mkaguzi wetu, aliyekuwa "chumbani tangu saa 3", ilipeleka hoja kwa Katibu Mkuu saa 5 na dakika 12 usiku, kutoka kompyuta ya ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali Dodoma. Basi ama marehemu alitoka, ama mtu mwingine alikuwa na nywila yake. Yote mawili yanaivunja taarifa.

Hatua ya tatu: chora nani anamteua nani

Kabla ya kumpa mpelelezi jina, chora mstari wa mamlaka. Rais anamteua Waziri, Katibu Mkuu, Mkuu wa Jeshi la Polisi na Mkurugenzi wa Mashtaka. Mpelelezi wako yuko chini kabisa ya mchoro huo. Juu yake yuko mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha wa mkoa ambaye askari humwita RCO, kisha Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai Makao Makuu. Pembeni wapo Usalama wa Taifa, ambao hawahitaji kuonekana zaidi ya mara mbili katika kitabu kizima. Mara moja wakiwa wameketi wakinywa soda, mara ya pili kiti kikiwa kitupu.

Mpelelezi mzuri wa riwaya hii ni Inspekta, si Kamishna. Kamishna anaweza kupiga simu na kufunguliwa milango. Inspekta anaomba gari na kuambiwa mafuta hakuna. Wangu ni mwanamke wa miaka 34, aliyepewa jalada la uchunguzi kwa sababu RCO anaamini ni la kufunga wiki moja. Usimfanye mlevi aliyeachwa na mke, kwani huyo tumemsoma vya kutosha. Mpe kitu cha kupoteza: mafunzo ya uofisa ambayo jina lake limeshapita, mama mgonjwa, mkopo wa kiwanja Ihumwa.

Tukio la 2006 linafundisha jambo jingine. Aliyekuwa anatoa taarifa na waliotuhumiwa walivaa sare moja. Uchunguzi wa kawaida usingeweza kujichunguza, ikabidi Rais aunde tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na matokeo yake askari wakapandishwa kizimbani kwa mauaji. Ukitaka kuandika riwaya ya aina hiyo, mpelelezi wako asiwe polisi. Awe katibu wa tume, au mwanasheria kijana anayeandika kumbukumbu za mashahidi.

Hatua ya nne: mahojiano yanaanza na shikamoo

Katika sinema za nje mpelelezi anapiga meza. Kwetu Inspekta wa miaka 34 hawezi kumhoji Katibu Mkuu wa miaka 58 bila kumwamkia, na akishamwamkia ameshajiweka mtoto. Hiyo salamu ndiyo uwanja wa vita. Soma kipande hiki:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Umekunywa chai?"

"Nashukuru, mzee. Nimekuja kwa lile suala la marehemu."

"Ee, tumeumia sana hapa. Alikuwa kijana wetu."

"Usiku wa tarehe 28 ulikuwa Dodoma, mzee?"

"Mimi? Nilikuwa Dar, kwenye kikao. Mwulize hata dereva." Akaisogeza sahani ya karanga upande wa mgeni. "Na mama anaendeleaje? Wamemhamishia wodi ya juu, sivyo?"

Inspekta alikuwa hajamwambia mtu yeyote katika jengo lile kwamba mama yake amelazwa.

Hakuna aliyepaza sauti. Kitisho kimekuja ndani ya adabu, na kwa sababu ni adabu hakiwezi kulalamikiwa. Fanyia kazi nyadhifa za kuitana: askari kwa mkubwa wake ni *afande*, waziri na mbunge ni *mheshimiwa*, mhudumu wa ofisi anamwita Katibu Mkuu *bosi* na Inspekta *dada*. Kisha siku moja mtu abadilishe. Siku RCO atakapoacha kumwita Inspekta wako *binti* na kuanza kumwita kwa cheo na jina kamili, msomaji atajua barua ya uhamisho imeshasainiwa.

Wahudumu, madereva na makatibu muhtasi wape sura zao kamili. Dereva ndiye anajua bosi alilala wapi. Lakini dereva hasemi, ana familia. Mwache karatasi imsemee. Alisafiri kwa masurufu, na masurufu lazima yarejeshwe kwa risiti. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ya chakula cha njiani ina tarehe, saa na dakika. Dereva wa watu aliiambatisha bila nia yoyote mbaya, akitaka tu asikatwe mshahara: Gairo, saa 10 na dakika 40 alfajiri ya tarehe 29. Katibu Mkuu aliyekuwa Dar tangu mchana gari lake lilikuwa linatafuta nini Gairo alfajiri? Hili nalipenda kuliko kufukuzana kokote kwa magari.

Angalizo dogo la wakati. Ukiweka hadithi kabla ya Julai 2024, njia ya Dodoma hadi Dar ni basi, gari, ndege au treni ya zamani iendayo polepole, na gari ni usiku mzima. Baada ya hapo treni ya umeme imeingia, na mtu anaweza kulala Dar akiwa amekula chakula cha jioni Dodoma. Tiketi hubeba jina la abiria. Mwaka wa hadithi unabadilisha kisingizio chote cha muuaji, kwa hiyo uchague mapema.

Hatua ya tano: sheria ikupe saa ya ukutani

Sura za katikati huwa zinalegea. Zikaze kwa muda wa kisheria. Mtuhumiwa akishawekwa chini ya ulinzi, polisi wana muda wa saa nne kumhoji, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yakichukuliwa nje ya muda yanaweza kukataliwa mahakamani. Fikiria Inspekta amemkamata mlinzi wa nyumba ya wageni, mlinzi yuko tayari kusema, lakini afande mmoja anamchelewesha mlangoni kwa maswali ya hovyo. Dakika zinakwenda. Hakuna aliyevunja sheria, na ushahidi unakufa.

Vielelezo vivyo hivyo. Kamba iliyotolewa shingoni lazima ifungwe, iandikwe, na kila anayeipokea asaini, tangu eneo la tukio hadi Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi. Usimwache daktari wa hospitali ya mkoa atoe hotuba ndefu ya kitaalamu. Mpe sentensi moja: alama ya kamba imezunguka shingo kwa usawa, wakati aliyejinyonga kwa kuning'inia kwa kawaida huachiwa alama inayopanda kuelekea kwenye fundo. Inatosha.

Hatua ya sita: uueni uchunguzi bila kumwaga damu

Waandishi wengi hapa humuua shahidi. Mara moja inaruhusiwa. Ya pili inachosha, na ya tatu inageuka katuni. Serikali ina njia nyingine nyingi, na nyingi huonekana halali kwenye karatasi.

Kuna uhamisho wenye cheo juu yake, mkono wa pongezi na picha ya pamoja. Kuna masomo ya nje. Kuna kesi kufunguliwa haraka dhidi ya mtu mdogo, mlinzi wetu yule, katika mahakama ya Hakimu Mkazi. Hapo hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Dhamana hakuna. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Mke wake anakuja na sufuria ya ugali kila tarehe. Kisha siku moja Mkurugenzi wa Mashtaka anaiambia mahakama hana nia ya kuendelea na shauri, mlinzi anaachiwa, na kabla hajavuka geti anakamatwa upya.

Na kuna tume. Chukua suala la Ouko ulisome kama fundi anavyoisoma mashine. Rais Moi aliwaita wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, wakiongozwa na John Troon. Oktoba 1990 ikaanza tume ya Jaji Evans Gicheru, mashahidi wakisikilizwa hadharani. Troon akarudi Kenya kutoa ushahidi. Novemba 1991 tume ikavunjwa kabla haijamaliza kazi. Baadaye mkuu wa wilaya mmoja akashtakiwa; jaji wa kesi ya kwanza akafariki kabla ya hukumu, kesi ikaanza upya, na mshtakiwa akaachiwa huru mwaka 1994. Yule waziri hadi leo hana aliyehukumiwa kwa kifo chake.

Ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu Kariuki nayo ilifika bungeni Juni 1975 ikiwa imeondolewa majina mawili. Sura ya aina hiyo ndiyo ningependa kuisoma zaidi: mpiga chapa wa Bunge, usiku, anaagizwa kuchapa upya ukurasa mmoja tu. Anajua kilichokuwemo. Nakala ya zamani iko kwenye ndoo ya takataka karibu na mguu wake.

Hatua ya saba: nani afungwe, na usimtaje nani

Usilazimishe kitanzi kwa mkubwa. Kwa kesi ya 2006, Mahakama Kuu iliwaachia askari wote mwaka 2009, na Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja tu mwaka 2016, zaidi ya miaka 10 baada ya mauaji. Msomaji wetu ameyaona hayo kwa macho yake. Ukimwandikia waziri anayelia kizimbani katika sura ya mwisho, atafunga kitabu akijua umemdanganya. Mpe haki ndogo lakini ya kweli: jalada limepatikana, mlinzi ametoka gereza la Isanga, mjane amesomewa barua.

Wizara yako iwe ya kubuni, na vyeo viwe vya kweli. Usimchukue kiongozi aliye hai ukambadilisha jina kwa herufi mbili. Kuna sheria za kashfa na za makosa ya mtandao, lakini zaidi ya sheria kuna watu wenye msiba ambao haujaisha. Familia za wale wanne wa 2006 zinaweza kukisoma kitabu chako. Kila unapoazima tukio la kweli, azima namna lilivyoendeshwa, na uwaachie wafiwa sura za watu wao.

Rasimu ikikamilika, mpe mwandishi wa habari za mahakamani aisome, na mtu aliyewahi kufanya kazi masijala. Wakikuambia "hapa sivyo", usibishane. Badilisha siku hiyohiyo.

Kisha rudi kwenye karatasi ya kwanza kabisa. Serikali ya hadithini sasa lazima itoe taarifa ya pili, fupi kuliko ya kwanza, Ijumaa jioni baada ya magazeti kwenda mitamboni. Iandike wewe mwenyewe, kwa lugha yao, na uiweke ukurasa wa mwisho bila kuiongezea kitu:

*"Kufuatia uchunguzi wa kina, wizara inapenda kusahihisha taarifa yake ya awali. Katika aya ya kwanza, mstari wa kwanza, badala ya neno 'amejinyonga' lisomeke 'amenyongwa'. Sehemu nyingine za taarifa zinabaki kama zilivyo. Imetolewa na: Kaimu Katibu Mkuu."*